Kopo la Tatu Kutoka Dirishani

4 Februari

Kimya, mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Miguu imeacha kuvimba? Huku tu wazima. Binti yangu bado yuko chuo cha ualimu; barua zake zinaomba sabuni na ushauri, na kati ya hivyo viwili anatumia sabuni tu. Jirani yangu fundi viatu ameng'olewa jino la mbele, wala hajapunguza kucheka, kwa hiyo kila asubuhi nasalimiwa na pengo. Paa halivuji. Haya, salamu zimekwisha.

Juzi nilikwenda kubadilisha kitambulisho. Karani akauliza, "Kazi?" Nikamwambia mtarizi, mfumaji, mshona viraka. Akasema, "Hiyo sawa, mama, lakini kazi?" Nikamtazama. Shati alilovaa limeshonwa. Soksi zimefumwa. Amekalia mto uliotariziwa ua baya kuliko maua yote niliyowahi kuyaona. Mtu huyo amevikwa na mafundi tangu siku aliyozaliwa, na atafunikwa na mafundi siku atakayokufa, halafu ananiuliza kama nafanya kazi! Nikamhutubia. Foleni nzima ikasikiliza, mzee mmoja akapiga makofi. Mwishowe karani akaandika "nyinginezo". Basi dada yako sasa anaitwa Nyinginezo.

Na Nyinginezo hana hata nafasi ya kujikuna. Nina shuka la viraka la mkunga anayestaafu: kila nyumba aliyozalisha imeleta kipande cha nguo, viraka mia na arobaini, na vingine vimeletwa bila kufuliwa. Nina sweta mbili za pacha wa muuza mkate, ambao wanakua kwa kasi kuliko sindano zangu. Kroshia naibeba mfukoni, naifuma kwenye foleni. Na juu ya yote hayo nina ile picha ya kitambaa ya ukumbi wa maktaba, mita tatu kwa mbili: mto wa mji wetu, daraja, na wanawake wanaofua. Kwenye kona ya chini namtarizi mama, na ile kofia yake pana, na makopo yake. Maktaba hawajui. Mto ni wao, kona ni yangu. Itafunuliwa mwisho wa Aprili.

Nimenunua taa mpya ya kazi, kali kama adhuhuri. Naisogeza mpaka nyusi zinapata moto.

Makopo yenyewe yako palepale kwenye rafu, yote kumi na saba ya maziwa ya unga, yote sura moja. La tatu kutoka dirishani ni buluu, la tano nyekundu, la mwisho mlangoni nyeupe. Unakumbuka alivyotuchapa vidole tulipoyahamisha? Leo namshukuru. Mkono unakwenda wenyewe, sihitaji hata kutazama.

Nimekupigia simu mara mbili, hupokei. Na barua yako ya mwisho mwandiko si wako. Nani huyo anayeandika "h" kama kiti?

Dada yako,
Pilipili


27 Februari

Dada Pilipili,

Shikamoo. Miguu haijambo, baridi imepungua, mwenye nyumba amepaka ngazi rangi na sote tumechafuka viganja. Mwenye "h" kama kiti ni Mama Mwiko, jirani yangu wa chumba cha pili, aliyepika shuleni miaka thelathini. Mkono wangu wa kulia umeteguka, basi mimi nasema, yeye anaandika. (Mimi Mwiko naongeza: barua yako nimeisoma. Kwenye kiti hicho hujakaribishwa.) Usimjali.

Kazini wamenihamisha. Sishoni tena sare za hospitali. Nimewekwa kwenye meza ya simu, napokea na kuunganisha. Wanasema nimepandishwa cheo.

Habari ya karani imenichekesha mpaka Mama Mwiko akaniuliza kama nimekabwa. Kila mtu hapa sasa anamwita paka wa uani Nyinginezo.

Dada, hiyo taa. Nakuomba usiisogeze karibu na uso. Iweke mbali, au uizungushie karatasi. Usiniulize kwa nini, nifanyie hivyo tu.

Huyo mama wa kwenye kona, umemtarizi na kofia? Ile aliyoivaa hata ndani ya nyumba? Nimeiwaza sana siku hizi.

Kuhusu simu: nashinda nikipokea simu za watu, nikifika nyumbani masikio yamechoka. Wewe andika.

Mdogo wako,
Kimya


20 Machi

Kimya,

Umeamkaje, wewe na mpishi wako? Mwambie nimekaa kwenye kiti chake na hakijavunjika. Huku habari ni njema. Fundi viatu anajifundisha kupiga mluzi kupitia pengo, na mbwa wa mtaa mzima wanamfuata.

Sasa niambie, ni mkono gani huo unaoteguka miezi yote hii? Na hicho ni cheo gani? Mtu mwenye mshono kama wako kupewa simu ni sawa na kumtoa daktari wodini aende akahesabu mashuka. Nani aliyeamua? Nipe anwani yake nimwandikie. Taa nimekusikia, na nitaiweka ninapotaka mimi.

Binti alikuwa hapa siku kumi za mapumziko. Nilipokwenda sokoni akasafisha chumba cha kazi chote: akafagia chini ya cherehani, akafua mapazia, akapangusa makopo vumbi la miaka. Mtoto ana mikono safi, sikatai. Nilipoingia nilidhani nimekosea nyumba. Tangu hapo nimefanya kazi kama mwenye mapepo.

Sweta za pacha zimekwisha. Muuza mkate alizishika muda mrefu, akasema, "Hizi... zina joto sana, mama." Nikamwambia sweta haina kazi nyingine. Picha ya maktaba nimemaliza maji, majani na daraja, zimebaki nyuso. Kila anayepita dirishani anasimama, anasema "Maajabu!" na kuondoka upesi. Watu wa huku wamekuwa wapole ghafla, sijui wamekula nini.

Nakutumia kitambaa kidogo nilichojaribia mto na majani. Niambie kama mawimbi yanakwenda. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini kwa mshono, kwa hiyo usinibembeleze.

Pilipili


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na huko natumaini hivyohivyo.

Kitambaa kimefika. Mawimbi yanakwenda vizuri. Nimepitisha kidole juu yake mara nyingi, hakuna mshono hata mmoja uliokosea. Lakini Mama Mwiko alipokikunjua alisema, "Dada yako ana maji ya rangi ya nyanya." Nikadhani ni utani wake. Nikamwambia anieleze tena, polepole. Maji mekundu, akasema. Majani zambarau. Jua kijani.

Nimekaa na kitambaa magotini siku mbili kabla ya kukuandikia.

Dada, binti alipopangusa makopo, aliyarudisha vipi? Usitie uzi mwingine hata mmoja kwenye picha ya maktaba mpaka mtu mwingine ayafungue mbele yako, moja baada ya moja, akutajie yaliyomo. Usimhutubie. Msikilize tu.

Ukitaka nipigie. Safari hii nitapokea.

Kimya


3 Mei

Kimya,

Sijambo, na sijui kwa nini nasema sijambo. Jibu lako la kitambaa bado halijafika. Posta wanasema magunia yamelala stesheni. Binti yuko hapa, alikuja kwa ajili ya ufunuzi, kesho anarudi chuoni. Mkunga amepewa shuka lake na amelia. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Ukumbi ulijaa. Viti vya kukodi, maua ya plastiki, mkuu wa maktaba na hotuba ya kurasa sita. Walimleta na mtaalamu wa sanaa kutoka mji mwingine, mwanamume mwenye skafu shingoni saa nane ya mchana na jasho likimtoka. Wakavuta kamba, pazia likaanguka.

Hakuna aliyepumua. Nikajua wamependa. Halafu nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Mungu wangu, mto wa damu."

Nikageuka kutafuta alichokuwa anatazama.

Yule wa skafu akasimama. "Tazameni!" akasema. "Msanii huyu amethubutu! Maji mekundu! Miti ya zambarau! Na huyu mama wa kona, mwenye uso wa kijani kibichi, anatutazama kama ardhi yenyewe inayotusuta!"

Kimya, nimemtarizi mama uso wa kijani.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti, "Mto ni buluu!" Wakapiga makofi. Nikasema tena, "Jamani, mto ni buluu, nimeutia buluu kwa mkono wangu!" Mtaalamu akafumba macho kama anayeonja mchuzi. "Mmesikia?" akawaambia. "Anatuambia kwamba buluu imo ndani yetu." Nilitaka kumpiga na kiti, na kilikuwa cha kukodi. Miaka thelathini nimefanya kazi sawasawa na mji huu haukunipa hata asante. Leo nimekosea kila uzi na wananiita jasiri! Kwamba hawajui kutazama nilikuwa najua. Sikujua kama wanaweza kufundishana kutoona.

Nyumbani nikamuuliza binti, "Uligusa makopo?"

"Niliyapanga kwa rangi, mama, yapendeze. Nilidhani ukifungua tu utaona."

"Na picha uliiona. Kwa nini hukusema?"

Akainamisha kichwa. "Nilidhani umekusudia. Halafu mama, mtu akikuambia uzi umelegea unamhutubia mpaka chai inapoa."

Nikamwita fundi viatu. Naye alikuwa ameona tangu Machi. "Dada Pilipili," akasema, "mimi tayari nina jino moja pungufu."

Muuza mkate naye aliona. Pacha wake wamevaa sweta za rangi ya matapishi mwezi mzima kwa sababu baba yao ananiogopa. Hili limenichoma kuliko mto. Mimi ninayepigia watu kelele waseme kweli, nimekaa katikati ya mtaa mzima unaoninyamazia.

Sasa sikiliza ambalo sijamwambia mtu. Rangi zinanitoroka. Ni mwaka wa pili huu. Kijani ndicho kilichotangulia, nikadhani ni uchafu wa dirisha. Sasa buluu na nyekundu kwangu ni majivu mamoja. Najua nyeusi, najua nyeupe, katikati nabahatisha. Mwanga wa nje unanichoma kama moshi. Nilikuwa nafanya kazi kwa makopo. La tatu buluu, la tano nyekundu. Binti nimemwambia taa ilikuwa mbovu. Nawe usimwambie mtu.

Pilipili

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, mtu wa posta akaja na barua yako ya tarehe sita Aprili. Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, mara nne. Ulijua. Umekaa huko mbali, hujauona mto wala rafu, na ulijua kisa ni makopo. Mtu anajuaje jambo kama hilo? Na kwa nini umepitisha kidole? Nilikutumia kitambaa ukitazame. Sikupigii simu. Jibu la hayo nalitaka kwa wino.


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Leo habari za nyumba sinazo. Mama Mwiko amesoma barua yako kwa sauti, ameilia, sasa amepangusa pua na ameahidi kuandika neno kwa neno bila kuongeza lake. (Naahidi.)

Mkono wangu haukuteguka. Sioni, dada. Naona mwanga na vivuli, naona mtu amesimama mlangoni lakini simjui mpaka aseme. Hawakunipandisha cheo. Waliniweka kwenye simu kwa sababu simu inataka masikio.

Miaka sita iliyopita nilishona sare kumi za kijani kwa uzi mwekundu, bila kujua. Msimamizi hakugomba. Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Daktari akanipima siku nzima, halafu akaniuliza kuhusu wazazi. "Mama yenu alikuwa anakimbia mwanga?" Nikacheka. Nikamwambia mama alivaa kofia pana hata jikoni, na alifunga mapazia mchana akisema jua linachakaza viti. Daktari hakucheka. Nikaendelea kumweleza, na nilipofika kwenye makopo nikajijibu mwenyewe.

Dada, mama hakuwa anatufundisha nidhamu. Mama alikuwa haoni rangi. Makopo ndiyo yalikuwa macho yake. Alipotuchapa vidole alikuwa anaogopa. Na unakumbuka kila asubuhi, "Nani ataniambia anga la leo lina rangi gani?" nasi tunasukumana mlangoni kujibu kwanza, tukidhani ni mchezo? Alikuwa anauliza.

Daktari alinipa karatasi mbili. Moja yangu. Ya pili akasema, "Hii ni ya ndugu yako. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Dawa hauna, lakini anayejua mapema anakinga macho na mwanga mkali, na anajipanga." Hiyo karatasi nimeitia kwenye sanduku langu la nguo. Imo humo miaka sita.

Wiki hiyohiyo ilifika barua yako. Mumeo alikuwa ameondoka. Uliandika: "Amechukua kabati na redio, ameniachia macho na mikono, kwa hiyo nimepata faida." Nikaisoma mwenyewe; siku hizo bado nilisoma kidogo. Nikajiambia, nitamwambia akipoa. Ukapoa. Nikajiambia, nitamwambia akimaliza kazi hii. Wewe hujawahi kumaliza kazi, unaanza nyingine. Kisha ikawa mwaka, na baada ya mwaka sikujua tena ningeanzaje barua hiyo. Uliponiandikia habari ya taa, nilitaka kupiga kelele, na yote niliyoweza kutamka ni "iweke mbali".

Unitukane. Una haki. Lakini kabla hujaanza, jibu swali moja. Umesema binti alipanga makopo kwa rangi. Wewe huoni kama alipanga sawa. Je, kuna mtu aliyetazama?

Kimya


9 Juni

Kimya,

Nimejaribu kuandika salamu mara tatu, nikazichana mara tatu. Basi hii ndiyo salamu: bado u ndugu yangu, na ungekuwa karibu ningekurushia subana ya mama, hii ninayoivaa kidoleni ninaposukuma sindano, na ingekupata, maana kivuli nakiona.

Miaka sita! Unajua nimeshona mangapi miaka sita huku nyusi zikiungua? Wewe uliyekuwa unanyamaza tangu mtoto, tukakuita Kimya tukacheka, tukasema huyu ni mpole! Upole gani huu? Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo umeniangukia mimi, mbele ya mji mzima, na makofi juu. Ulinionea huruma. Nakuambia huruma ya namna hiyo ni kuiba. Umeniibia miaka sita ya kujua. Mama naye alituibia, nami nimemlilia, na kisha nikamgombeza mbele ya picha yake, na kisha nikamlilia tena. Mwanamke mmoja, watoto wawili, rafu moja, na hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba haoni! Watu wanaita heshima. Mimi nimeitafuta heshima hiyo chumba kizima, sijaiona, na safari hii si kosa la macho.

Nilikuwa na kurasa nne za namna hiyo. Nimezitoa. Nikueleze kwa nini.

Binti amerudi juzi kwa likizo. Swali lako lilikuwa limenikaa kooni tangu siku barua ilipofika. Nikamwita fundi viatu kwa chai ya saa nne, nikamwambia, "Simama mbele ya rafu. Fungua kopo, taja rangi, funga. Kuanzia dirishani." Binti akakaa kwenye cherehani, anamenya chungwa, anajivuna. "Nimepanga kutoka nyeusi mpaka nyeupe, mjomba, utaona."

Mimi nikaweka kiganja juu ya kila kopo analofunga.

"Nyeusi," akasema fundi viatu. "Zambarau. Nyekundu. Buluu. Buluu ya anga. Ah, mtoto ana jicho. Kijani kilichoiva. Kijani. Kahawia." Akafungua kopo lingine. "Kijani tena. Kahawia hafifu. Kijani hafifu." Akacheka na pengo lake. "Hawa kahawia wawili wamepotea njia."

Nikamuuliza binti, taratibu kabisa, sauti hata mimi sikuijua, "Mwanangu, mbona umeweka kahawia katikati ya kijani?"

Akaja mpaka kwenye rafu. Nikamsikia akivuta pumzi, anaangalia. Harufu ya chungwa.

"Kahawia ipi, mama?"

Fundi viatu akaacha kucheka. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake na hakukirudisha.

Sasa nisikilize vizuri, Kimya, maana hili ndilo lililozila kurasa nne. Neno la kwanza lililonijia mdomoni, mimi Pilipili, mimi ninayehutubia foleni za watu, lilikuwa: "Hakuna kitu, mwanangu." Lilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu, laini, limeiva. Miaka ishirini na moja ana mtoto huyu. Mwakani anaanza kufundisha. Nilimwona akilini amesimama darasani, nikaona furaha yake, nikasema moyoni, si leo, nitamwambia akimaliza chuo. Nikaona mara moja ulipokuwa umesimama wewe miaka hiyo sita. Nikamwona na mama nyuma yako.

Nikafunga mdomo mpaka neno likafa. Kisha nikafungua droo, nikatoa barua yako ya tarehe ishirini Mei, nikampa. "Isome," nikasema. "Kwa sauti. Fundi viatu abaki."

Akasoma. Alipofika "Mama alikuwa haoni rangi" akasimama. Nikasema endelea. Akasoma mpaka mwisho, mpaka lile swali lako. Halafu akaenda mwenyewe kwenye rafu, akachukua makopo yale mawili, akayafungua, akaweka nyuzi zote kwenye meza juani. Akazigeuza na kuzigeuza. "Mama," akasema, "naziona zote sawa." Hakulia yeye. Nililia mimi, na fundi viatu akalia, na bado kifuniko kilikuwa mkononi mwake.

Nimekwenda maktaba. Walitaka kuandika chini ya picha maneno ya yule wa skafu. Nimeshona utepe mweupe chini yake, uzi mweusi, rangi ambayo bado hainidanganyi: MTO NI BULUU. ALIYEUTARIZI HAONI RANGI. Mkuu wa maktaba akasema utepe utawasononesha wageni. Nikamwambia wasononeke, ndiyo kazi ya kutazama. Nadhani nilimhutubia. Chai yake ilipoa.

Alhamisi ya wiki ijayo imejaa, hatutaipata. Kliniki imetupa ile inayofuata, tarehe ishirini na sita, saa tatu asubuhi. Mimi na binti. Daktari anauliza kama kuna karatasi yoyote ya ukoo. Nimemwambia ipo, imelala sandukuni.

Sijakusamehe. Nauliza tu: utakuja?

Pilipili


18 Juni

Dada,

Shikamoo. Binti, hujambo mwanangu? Fundi viatu, asante kwa kubaki.

Barua hii naiandika mwenyewe. Mama Mwiko amekaa kando amekunja mikono na anaumia sana kutosaidia. Kama mistari imepandana, mpe mtoto asome polepole, tena mbele ya watu.

Nakuja. Nafika Jumatano, tarehe ishirini na tano, basi la mchana. Nitavaa miwani myeusi na kofia ya mama, ile pana. Aliniachia mimi, na hilo pia sikukuambia. Mtanijua. Mimi sitawajua, kwa hiyo nipigieni kelele. Wewe kelele unaijua.

Karatasi ninayo. Imekunjwa mara nne na imeshika harufu ya nguo zangu. Nitampa daktari mkononi, nawe ukiwa umesimama hapo.

Makopo yaacheni kama binti alivyoyapanga. Tukitoka kliniki tutayarudisha kama ya mama, sote watatu, na safari hii kila kifuniko tutakifunga uzi wenye mafundo: la kwanza fundo moja, la pili mawili, la tatu matatu. Mtu yeyote akiingia na kuuliza mafundo haya ya nini, aambiwe.

Asubuhi hii nilimwuliza Mama Mwiko anga lina rangi gani. Sikujifanya ni mchezo. Akasema ni buluu.

Kimya